Chenga

Waraka ulikuwa wa ukurasa mmoja na nusu:
kuanzia saa sita usiku, chenga za mchele zisitoke nchini.
Bandarini Kakinada, Venkanna akashusha gunia
lililokuwa tayari begani,
akauliza kama siku hiyo italipwa.

Haikulipwa.

Kwetu Kaolack hakuna aliyeusoma.
Shangazi Ngone aliusikia kwenye kopo la nyanya:
Mour muuza duka alilijaza, halafu akapitisha kiganja,
akakifyeka kile kichuguu cha juu
tulichokuwa tukikiita haki.
Bei ni ile ile, akasema.
Juma la pili, bei nayo.

Mchele mzima upo, una wenyewe.
Sisi tumelelewa na punje zilizovunjika mashineni;
ndizo zinazojua kunywa mchuzi wa samaki.

Leo mikono saba, sinia moja.
Shangazi anagawa ukoko, anasema ameshaonja jikoni.
Hajaonja.

Huko nako, nasikia, mvua ilipotea, wakaogopa njaa yao.
Nani asiyefunga mlango wake kwanza?

Bassirou, katoka mpirani na vumbi magotini,
anauliza chenga zimekwenda wapi.
Tumepigwa, namwambia.