Kisanduku cha Ghala Namba Mbili

Mradi ulipofungwa Newala, magari waliondoka nayo.
Kisanduku wakakiacha: kimo cha tofali la kuchoma,
diski mbili tumboni, kumbukumbu kiduchu.
Kampuni iliyokiunda ilishakitangazia tanzia.

Somoe, karani wa mizani, akakiomba.
Umeme uliporudi, saa nane usiku,
akafuta mfumo wa zamani, akapandikiza wa bure,
mwepesi kama kumvi,
ulioandikwa na watu asiowajua,
msimbo wake wazi kama uwanja uliofagiwa.
Mara tatu kiligoma.
Somoe akasonya, akanywa uji uliopoa.
Mara ya nne taa ya kijani ikapepesa.

Sasa kilo za korosho zimelala humo, mbilimbili;
diski hii ikifa, ile inashuhudia.

Jana kaja Chinguile wa Mnyambe,
stakabadhi yake imeliwa na mchwa.
"Magunia yangu saba yako wapi?"
Somoe akabonyeza. Tukangoja;
hakina haraka kile.
Saba. Na la nane, alilolisahau mwenyewe.

Chinguile akakigusa ubavuni.
"Kinahema," akasema,
akaiondoa kofia yangu
niliyokuwa nimeyazibia matundu yake.