Mara ya Kumi

Nililinunua Buick hili mwaka niliotimiza arobaini,
kwa fedha za kuchomelea mabomba kiwandani Ljusdal,
fedha ambazo Eskil alikwisha kuzipigia hesabu ya paa.
Paa linavuja mpaka leo.
Tumetega sufuria, tumezoea.

Limenizidi umri mwaka mmoja.
Rangi mbili, kijani cha mbaazi na nyeupe ya maziwa,
bampa zito kama jeneza la tajiri,
na boneti ndefu hata mvua huanza kule mbele,
nami nikaiona ikija.
Kipimo cha mwendo kinahesabu maili.
Nilimweleza askari hivyo.
Akaandika faini kwa kilomita.

Wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda.
Hiki changu ni kidonda kikuukuu.

Desemba, saa tisa alasiri, giza limeshaketi,
hapo ndipo mimi nalo hujuana.
Nalala chali juu ya kadibodi, tumbo lake juu yangu,
taa kwenye paji la uso, pumzi ikigeuka moshi,
na nati moja, iliyokazwa na mtu nisiyemjua
katika kiwanda nisichokijua,
inanikatalia kama mtoto aliyefumba mdomo mbele ya dawa.
Mafuta ya taa. Nyundo, polepole. Tusi.
Mafuta ya taa tena, kisha nikalale.
Asubuhi inafunguka kwa vidole viwili
kana kwamba jana hatukugombana.

Pampu ya maji ilitoka kwa Alvar,
mwenye Buick tatu zilizokufa nyuma ya zizi, chini ya theluji.
Huuza viungo vyake shingo upande,
kama anayegawa urithi kwa ndugu asiowapenda.
Kabureta niliiosha jikoni, kwenye sinia la kuokea,
na mikate ya Krismasi ikanuka petroli.
Eskil alikula mitatu, hakusema neno.
Ukiniuliza kwa nini bado tumo nyumba moja,
nitakutajia mikate hiyo.

Kisha nikang'oa kiti cha nyuma.
Chini yake: kibanio cha nywele,
punje saba za mahindi, ngumu kama meno,
na risiti ya duka la mbegu, Kearney, Nebraska,
jina limeandikwa kwa penseli: O. Vasek.

Nilikaa na risiti ile wiki nzima.
Nikamwona huyo Vasek: kofia, mikono mikubwa,
Jumapili analing'arisha gari kwa fulana yake ya zamani,
mkewe anaingia, anashika nywele zisipeperuke.
Nikaandika barua kwa Kiingereza cha kamusi.
Nikasema gari la mzee lipo, linatunzwa,
nikaweka picha, na zile punje saba ndani ya karatasi.

Miezi kumi na moja. Kisha bahasha, mwandiko wa kulala kulia,
kutoka kwa binti yake, Lorene:
*Baba alilichukia gari hilo.
Lilimwacha njiani mara tisa, alikuwa akizihesabu.
Ya tisa ilikuwa siku ya arusi yangu.
Aliliuza kesho yake, na suti ikiwa bado na vumbi.
Asante kwa mahindi. Nimeyapanda. Hayakuota.*

Nilimsomea Eskil. Alicheka mpaka akashika meza.
Mimi nilikwenda gereji, nikawasha taa,
nikaliangalia lile li-Buick usoni, kwenye meno yake ya kromu.
Halikuona haya hata kidogo.

Juni, usiku usioingia giza,
tukatoka, madirisha chini, injini inanguruma kwa kifua,
kiti kipana hata Eskil yuko mbali kama mgeni.
Kituo cha mafuta vijana walilizunguka, wakalisifu.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Hili likisifiwa, maji hulimwaga lenyewe:
kilomita nne mbele, kando ya ziwa,
mvuke ukapanda kutoka kwenye rejeta,
likakohoa, likanyamaza.

Mbu walikuja. Eskil akafungua chupa ya kahawa.
Nikatafuta penseli kwenye sanduku la dashibodi,
na nyuma ya risiti ile, chini ya jina lake,
nikaandika: kumi.