Simile

Uzi uliniponyoka Alhamisi, baada ya adhuhuri,
safu mbili zimebaki kofia ya bwana harusi kwisha.
Kichwa kililia mara moja, kama komeo likivunjwa.
Nikatapika kwenye bakuli la nyuzi.

Bi Rukia wa nyumba ya pili akaleta kombe.
Nilikunywa. Zafarani haijamdhuru mtu.
Famau, mwanangu, akasema dua na daktari havijawahi kugombana,
akakodi boti hadi Mokowe, kisha gari,
na kila tuta la njia ya Malindi
lilinipa habari zake kisogoni.

Huko wakanilaza ndani ya pipa jeupe. Nisitikisike.
Mimi, niliyekaa kitako miaka thelathini na miwili
na sindano mkononi, nifunzwe kutulia?
Lakini pipa likaanza kugonga
kama karakana ya Skanda wiki ya kuchonga mlango,
patasi saba, hakuna inayomngoja mwenzake.

Daktari Nyevu akanigeuzia kioo cha kompyuta: mishipa yako hii, mama.
Nikacheka, ijapokuwa kucheka kuliuma.
Huu ni mji wangu, mwanangu. Nani kakupa ramani?
Usita wa Mui huu hapa. Hapa wapinda kwenda Langoni.
Na hiki kichochoro, punda wawili hawapishani humu.
Akaweka ncha ya kalamu papo hapo kichochoroni:
Ukuta umefura.
Sikuhitaji kufasiriwa. Nimeona chokaa ikinywa maji
mwaka hadi mwaka, tumbawe likatoa tumbo,
na wapita njia wakisema utaanguka kesho,
mpaka kesho ikafika.

Mombasa alikuwapo Daktari Shebwana, mjukuu wa fundi viatu wa Siyu.
Fuvu hatulipasui, akasema. Twaingilia pajani.
Pajani! Kitwa kiko yuu, wewe wabisha hodi uani?
Akacheka naye. Uani ndiko kwenye njia pana.

Sindano. Mrija mwembamba kama tambi za futari
ukapanda, ukapita tumboni, ukaupa moyo salamu,
ukashika njia ya shingo. Sikuusikia.
Nilichosikia ni rangi walipoimwaga:
joto la shavu, kama nimefunua sufuria ya wali uso ukiwa karibu,
na ladha ya shilingi ulimini.
Kiooni mji wangu ukawaka wote, mtaa kwa mtaa,
halafu ukazimika.
Nami nikazimwa, kwa dawa.

Waliyoyafanya nilisimuliwa.
Uzi wa platinamu, laini kuliko wangu wa hariri,
waliusukuma ndani ya kile kifuko, ukajikunja, ukajikunja,
hata damu ilipofika mlangoni ikakuta pamejaa, ikaenda zake.
Ni ushonaji huo, nikamwambia, ila kinyume:
mimi hutoboa nguo, nikalizungushia tundu uzi lipate kupumua,
wewe umelishona lisipumue.

Sasa niko nyumbani, Mkomani.
Kiwanja cha Matondoni kimekwenda. Famau hakitaji.
Jina la nakshi moja limenitoka. Mkono waijua,
ulimi hauwezi kuiita, wateja huonyesha kwa kidole.
Bi Rukia aniuliza, uso mkavu, hiyo platinamu
ikitimia mwaka kichwani, zaka yake je?

Jana, njia ya msikitini, nyuma yangu: simile! simile!
Punda, na mifuko minne ya saruji.
Nikajibana ukutani, kiganja juu ya chokaa,
na mahali pale ukuta ulikuwa umefura.
Sikuutoa mkono mara moja.
Punda alipita, mbavu zake zikisugua buibui langu,
na mshipa wa shingoni ukapiga, ukapiga, ukapita.