Betri Mbili

Dividii iliungua siku umeme uliporudi na hasira zake,
Mama akahamia kwenye mashine yangu ya gemu
kama mpangaji asiyeulizwa kodi.
Mimi niliinunulia mpira.
Yeye alitaka muvi za kutafsiriwa,
zile za msimulizi anayecheka kabla kichekesho hakijafika.

Ila pedi ilimshinda.
Miaka ishirini na sita ya kupogoa mizabibu Mpunguzi
imemwachia vidole vilivyojikunja
kana kwamba mkasi bado umo mkononi.
Akigusa kijiti, bibi harusi yuko kaburini.
Akigusa pembetatu, wote wamerudi utotoni.
Akiilaza tu mapajani, bila kugusa chochote,
inatetemeka yenyewe, naye anaitupa kama aliyeokota mjusi.
Ndipo huita:
"Ndahani! Njoo, wamenikimbia tena!"

Nakuja na sahani yangu.
Namrudisha bibi harusi kanisani.
Ugali wa uwele unapoa, mlenda unavutika,
na nikishaketi ni nani ataondoka
kabla hajajua shemeji alificha wapi hati ya shamba?

Mshahara ulipoingia, yaani kilichobaki baada ya kilichokwisha,
nikaenda Barabara ya Saba.
Duka la kwanza: ya king'amuzi ipo.
La pili: ya feni.
La tatu kijana akanitazama miguu hadi kichwa,
"Kwani gemu linaangaliwa?"
Ngaiza peke yake hakuuliza.
Alivuta boksi la viatu chini ya kaunta,
limejaa rimoti ambazo runinga zao zilishakufa,
akachambua kama anayetafuta jiwe kwenye mchele
hadi ikatoka moja, nyeusi, nyembamba:
cheza, simama, mbele, nyuma, basi.
Kwenye kifuniko cha betri mtu ameandika kwa kalamu ya wino
USIGUSE YA BABA.

"Arobaini."
"Ishirini."
"Kaka, hii hata Dar utaitafuta kwa tochi."
Thelathini na mbili. Betri mbili akanipa bure,
akiziuma kwanza, moja moja, ili ziamke.

Nilirudi upepo ukiihamishia Nkuhungu yote Chang'ombe,
mchanga kwenye meno, rimoti ndani ya soksi mfukoni.

Mama alisoma kifuniko, akanyamaza kidogo.
Kisha kidole gumba kikapata mahali pake.
Akasimamisha mvua. Akairuhusu inyeshe.
Akamrudisha mwizi mlangoni mara tatu
mpaka akaikariri sura yake.
"Kumbe ni hivi tu," alisema,
na hakuwa anasema na mimi.

Wiki ile sikuitwa.
Nilikula chumbani kwangu, ukuta katikati,
msimulizi akicheka, Mama akifuata nyuma.
Nilikuwa huru.
Uhuru wenyewe ulikuwa kulala chali
na kuhesabu misumari ya dari. Arobaini na moja.
Shemeji alishakamatwa au bado, sikujua,
na kwenda kuuliza niliona haya.

Jumanne, usiku umeanza kuingia baridi:
"Ndahani! Betri zimekufa."

Betri za siku tisa?
Nikaja na sahani. Nikafungua kifuniko.
Hazikuwa zimekufa. Hazikuwamo.

Sikusema kitu. Maana saa ya ukutani,
iliyogoma kwenye saa kumi na dakika tano
toka mwaka wa msiba,
ilikuwa inatembea.
Imekosea kwa saa tatu nzima, lakini inatembea.
Ya pili sijaiona mpaka leo,
ingawa kopo la karanga, Mama alipolisogeza kunipisha,
lilitoa mlio usio wa karanga.

Nikaifuta pedi vumbi kwa ukingo wa shati.
"Tumefika wapi?"
"Ndiyo kwanza inaanza," alisema,
na kwenye kioo majina ya waigizaji
yalikuwa yanapanda, yanapanda, yanaishilia juu.