Saa Kumi na Moja

Barua ya chuo imefika ndani ya bahasha nyembamba.
Nimeipasua kwa bisibisi, glavu moja bado mkononi.
Bi Marlys Haugen, wanasema,
katika saa thelathini na nne za cheti chako cha uchomeleaji
tumekubali kumi na moja
kuelekea shahada ya uhandisi.

Kumi na moja!
Ndiyo saa niliyokuwa nikiamka miaka ile,
Duluth gizani, ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa,
meli za madini zimelazwa gatini kusubiri Machi.
Nilitambaa tumboni mwao, nikalala chali,
cheche zikaniingia kolani,
nikashona chuma kwa chuma juu ya uso wangu.
Mishono ile ilipigwa eksirei.
Hawakuona ufa.

Zilizopita: usalama kazini, uandishi wa ripoti,
na hisabati, nayo kama somo la hiari.
Iliyokwama: sayansi ya metali.
"Hatuoni kinacholingana nayo," anasema kijana wa ofisi ya msajili,
mpole, kucha safi, hana ubaya wowote.
Ningemwambia nini?
Kwamba chuma kikipata moto huwa rangi ya nyasi kavu,
kisha zambarau, kisha samawati,
na anayengoja samawati ameshaharibu wembe?
Anataka muhtasari wa somo. Karatasi.

Shule yangu ya ufundi ilifungwa, majalada yakalowa ghalani.
Basi nimeendesha hadi Cloquet, kwa Verner Mäkinen
aliyenifundisha, siku hizi hasikii sikio la kulia.
Katoa daftari chini ya kopo la misumari:
wiki kumi na sita kwa penseli,
kila ukurasa una dole gumba la grisi.
"Kumbe wanataka kusoma," kasema,
"na mimi nilidhani wanataka kujua."
Akatia sahihi polepole, kama anayechonga.

Samaki hukunjwa angali mbichi, najua.
Nina miaka arobaini na sita.
Ila chuma sijawahi kukikunja kibichi.

Leo wameongeza tatu.
Kumi na nne:
saa isiyokuwapo kwenye saa yoyote ya ukutani.
Nimetega kengele iniamshe hapo hapo.