Kanda ya Saba

Waya niliusaka Webuye, wakanicheka.
Bungoma wakaniuzia wa simu.
Ni Kisumu, ghorofani nyuma ya stendi,
ambako Otula alizamisha mkono mpaka begani
katika boksi la vikorokoro
akaibuka na kijiwaya chenye meno manne:
"Mia tisa. Ukikatika usinirudie, haiundwi tena."

Programu ikauliza, kwa upole wa karani,
kama naridhia kuingiza video kutoka kamera.
Nikabofya Ndiyo.
Nilidhani ni kama kumimina mahindi guniani.
Kumbe saa moja ya kanda huingia kwa saa moja,
kikohozi kwa kikohozi.
Marehemu haharakishwi.

Saa ya kamera hakuwahi kuirekebisha.
Kwa hesabu ya mashine
harusi ya shangazi Nasipwondi,
tohara ya wana wa Khaoya,
matanga ya babu
na Jumapili ile fahali alipoingia kanisani akasimama madhabahuni
vyote vilitukia tarehe mosi Januari, saa sita usiku,
mwaka mmoja kabla sijazaliwa.
Nami nimo humo, nimebebwa mgongoni, nalia.

Usiku alikuwa wa kiwanda cha karatasi,
Jumamosi alikuwa wa maarusi.
Kamera haikunasa ile harufu, kabichi iliyooza na kiberiti,
lakini kanda nilipoifungua
nilivuta pumzi kwa tahadhari, mazoea tu.
Alipenda kuvuta karibu:
chozi la bibi harusi analikaribia, analikaribia,
hadi bibi harusi anakwisha, imebaki miraba ya kijivu.
Yeye mwenyewe hayumo.
Kanda sita, na sura yake hakuna.
Kuna "Sogea kidogo, mama mkwe."
Kuna dole gumba pembeni, na kovu la kisu cha mashine.

Nafuna anapiga simu kutoka Nakuru.
Ukumbusho ni Jumamosi, dakika ishirini zinatosha,
niweke muziki juu, nisisahau majina ya wajukuu,
na ile ya miguu niitupe, watu watachoka.

Ile ya miguu ni ya saba.
Alisahau kuzima.
Kamera inaning'inia begani, imeinama,
na dakika arubaini na moja inatazama viatu vyake
vikitoka Misikhu kurudi nyumbani:
kimoja kina kamba, kingine kimefungwa kwa katani.
Tope jekundu. Mbwa anapita, haonekani kichwa.
Mluzi usiojua unakwenda wapi.
Anasalimu mtu, anaulizia mguu wa mtu huyo,
kisha akiwa peke yake anahesabu kwa sauti:
"Mia tano, karo ya Nafuna.
Mia mbili, unga.
Themanini... themanini..."
Hasemi themanini ni ya nini.

Diski imejaa, futa baadhi?
Nikafuta hotuba ya mgeni wa heshima.
Nikafuta keki, ngazi zake zote saba.
Nikafuta kwaya, wimbo wa pili, kisha wa kwanza,
Mungu anisamehe, hata fahali nikamfuta.
Mita ya stima inalia: yuniti tatu.

Mama ameingia na kikombe ambacho hakunipa.
Amesimama nyuma ya kiti changu.
Viatu navyo vimesimama; chini kuna magogo,
na maji yanasikika.
"Hapo ni kwa Wekhuyi," anasema. "Darajani.
Hapo lazima angesimama."
Tunangoja.
Kikohozi. Viatu vinaanza tena, cha katani mbele.
Chai inapoa mkononi mwake.
"Amefika?"
"Bado, Mama."
Anavuta stuli.