Mkono wa Shoto

Mama aliufunga kwa utepe wa kanga
ili ujifunze, Somoe, kula kwa kulia.
Ukajifunza kulia tu.
Nami, kaka mtu, nikihesabu punje
zilizokudondoka mkekani, nikicheka.

Leo, Tandika, umeme umekatika,
cherehani yako ya miguu haina habari.
Mkasi uliokugomea miaka yote
umekata gauni la Idi la mwanangu
bila chaki.

Usiku, mama na birika lake.
Nikanawa mimi. Ukatoa wa shoto.
Akasita kidogo,
maji yakaning'inia mdomoni mwa birika,
kisha akamimina.
Hakusema kitu. Wala wewe.

Tulipomaliza pilau nilitazama mkekani.
Punje zilikuwepo.
Upande wangu.